Malkia Margareti wa Mtaa wa Mchikichi

Tulimzika Bi Rukia mwezi uliopita. Msibani kwake Magomeni watu walikuwa wengi mpaka turubai likavuka barabara, likameza uwanja wa jirani, na kama kamba zisingeisha nina hakika lingefika Morogoro. Nilikaa mkekani katikati ya wenzangu wa zamani wa Kariakoo, nikamsikia mkwe mmoja, mgeni katika ukoo, akiuliza kwa nini watu wazima wote pale wanamwita marehemu Malkia. Mmoja akamjibu ni kwa sababu ya dhahabu alizokuwa akivaa. Mwingine akasema alikuwa na damu ya kisultani, jambo ambalo Bi Rukia mwenyewe angelicheka mpaka akohoe, maana kwao ni Rufiji, kwa wakulima wa mpunga. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua watakuambia hilo peke yake lilistahili kutangazwa redioni. Upande wa pili alikaa Fadhili, mwanawe wa pekee, ndevu zimeshaingia mvi, anapokea pole. Nilipomfikia alinipa ncha za vidole, akasema, "Ahsante kwa kuja," kisha akamgeukia aliyenifuata. Sikushangaa. Fadhili amekuwa akinipa ncha za vidole tangu mwaka ule mama yake alipopewa jina, na jina lenyewe lilitoka darasani kwetu, shule ya jioni, katika somo la vita vya Waingereza wa kale.

Mwaka huo nilikuwa muuzaji katika duka la jumla la vitenge na khanga la Mzee Hamdani, mumewe Bi Rukia, kwenye kona ya Mtaa wa Mchikichi. Duka lilikuwa na milango miwili, mmoja unatazama Mchikichi, mwingine unatazama mtaa wa pembeni, na ndani marobota yamepangwa mpaka darini. Ukiingia kutoka juani ilibidi usimame kidogo macho yazoee, na katika kusimama huko mimi ningekuwa nimeshakuuzia doti za kuvalisha harusi ya wilaya nzima. Wenyewe waliishi ghorofani, juu ya duka. Mchana tulipanda wote, wauzaji na wabeba mizigo, tukala sebuleni kwao katika sinia moja: wali, samaki wa nazi, mchicha, na pilipili ya kuponda iliyokuwa ikimfanya mtu akumbuke majina ya mababu zake mpaka wa saba. Makochi yalikuwa ya mahameli yenye vitambaa vya kufuma, televisheni imefunikwa shela kama bibi harusi, na karibu na dirisha, kwenye kiti cha mbao chenye mito, alikaa Mzee Hamdani. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono na ulimi. Kila aliyeingia alimwambia, "Shikamoo mzee," akasubiri kidogo kana kwamba ameitikiwa, ndipo akaenda kunawa.

Mdogo wake mzee, Bwana Seif, ndiye aliyeshika duka tangu ugonjwa uanze, na alilishika vizuri, sitamsingizia. Lakini kushika kitu kwa muda mrefu kunamfanya mtu asahau ni cha nani. Akaanza kusema duka lilikuwa la baba yao, kwa hiyo kaka akilala, anayefuata ni yeye. Bi Rukia akasema mumewe yu hai, na akiondoka yupo Fadhili. Siku moja tukiwa chini tunafungua marobota tuliyasikia yote kupitia darini, maana sakafu ile ilikuwa ya mbao na ilitoa siri kuliko shangazi.

"Shemeji, mimi sidai kitu," Bwana Seif alikuwa akisema. "Mimi nashika usukani tu, mpaka kaka apone."

"Usukani una kiti kimoja, Seif, na kiti kina mtu."

"Mtu mwenyewe hasemi."

"Hajasema pia kwamba amekupa."

Wiki hiyohiyo Bwana Seif akaita wabeba mizigo wakajenga ukuta wa marobota katikati ya duka, kutoka ukuta hadi ukuta, kutoka sakafu hadi dari. Ukuta huo sijapata kuona mfano wake. Wareno, wajenzi wa ngome, wangeuona wangeomba ramani. Mlango wa mtaa wa pembeni ukawa wake, mlango wa Mchikichi ukawa wa Bi Rukia, na sisi wafanyakazi tukagawanywa kufuatana na upande tuliokuwa tumesimama wakati robota la mwisho linapandishwa. Mimi niliangukia kwa Bi Rukia. Semeni, muuzaji mwenzangu, binti wa Temeke mwenye ulimi mwepesi na akili nyepesi zaidi, alikuwa amekwenda upande wa pili kuchukua mkasi, basi akabaki huko. Wateja walichanganyikiwa. Wateja wa mikoani waliingia mlango huu wakanunua, wakatoka, wakazunguka kona, wakaingia mlango ule na kununua kitambaa kilekile kwa bei ya chini kidogo, kisha wakarudi kwetu kutulaumu. Ili watu wasipotee, Bi Rukia akatushonea fulana nyekundu. Kesho yake upande wa Bwana Seif wakatokea na nyeupe. Mtaa mzima ulidhani ni mambo ya mpira.

Mimi na Semeni tulikuwa tunasoma pamoja jioni, tukitafuta cheti cha kidato cha sita. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu karibu na Mnazi Mmoja, juu ya duka la vyerehani, chumba chenye mabenchi, ubao uliopasuka, na madirisha yaliyokuwa yakileta kelele zote za mji bila kuchagua: muuza kahawa anagonganisha vikombe, mtu anahubiri, mtu anatangaza dawa ya kunguni. Wanafunzi walikuwa watu wazima. Alikuwemo askari polisi, alikuwemo mama lishe aliyekuja na chapati zilizobaki na kutugawia kabla ya kipindi, walikuwemo wauzaji wa maduka ambao miguu ilikuwa inawauma kiasi cha kuvua viatu chini ya benchi. Mwalimu Lyimo, Mchaga mwembamba aliyefundisha shule ya kutwa asubuhi na sisi jioni, alikuwa na kitabu cha Kiingereza kigumu kama gundi, lakini alikuwa akikitafuna mwenyewe kwanza, halafu anatulisha kwa Kiswahili.

Jioni moja tulifika mimi na Semeni moja kwa moja kutoka kazini, tumevaa fulana zetu, tukakaa benchi la mbele kama kawaida kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja. Mwalimu akaandika ubaoni: kuporomoka kwa ukabaila Uingereza.

"Ukoo mmoja," akasema. "Babu mmoja, nyumba mbili, kiti kimoja cha enzi. Kila bwana mkubwa ana watu wake, anawalisha, anawavisha sare. Hawa alama yao waridi jekundu. Hawa waridi jeupe."

Kisha yule askari akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, hao si ndio wamekaa hapo mbele?"

Watu walicheka mpaka wa duka la vyerehani wakapanda kuuliza kuna nini. Mwalimu alisubiri, hajui kinachochekesha. Semeni akasimama, uso mkavu.

"Mwalimu, mfalme mwenyewe alikuwa wapi?"

"Alikuwa mgonjwa. Mfalme Henri alikaa tu kitini, hasemi, hatambui mtu. Mwanawe alizaliwa, akaletewa, hakuinua jicho."

"Nani anatawala sasa?"

"Binamu yake, mtawala wa York, anasema yeye ndiye msimamizi. Mke wa mfalme, Margareti, anasema hapana, mimi nipo na mwanangu yupo."

Semeni akatugeukia wote, kisha akamrudia mwalimu. "Mwalimu, wewe umewahi kununua kitenge kwetu?"

Kabla chai ya asubuhi haijapoa, Bi Rukia alikuwa Malkia. Aliyelipeleka jina hilo sokoni simjui hadi leo. Darasa zima lilikuwa watu wa Kariakoo, na habari pale haihitaji kubebwa, inatembea yenyewe. Wauza viatu wakasema, "Malkia, shikamoo." Mama lishe akasema, "Malkia, leo kuna ndizi." Mwanzoni alidhani wanamsifu na akatembea kwa madaha. Kisha mtu akamnong'oneza kwamba yupo Malkia halisi, wa vitabuni, na kwamba Msomi ndiye anayemjua. Msomi nilikuwa mimi. Nikaitwa juu. Nilipanda ngazi zile nikiaga maisha. Nilihesabu nimeshafukuzwa, nimeshakamatwa, nimeshasafirishwa.

Bi Rukia alikuwa amekaa chini na ungo wa mchele mapajani, mumewe dirishani.

"Kaa," akasema. "Nani huyo Margareti?"

Nikamweleza. Alisikiliza, vidole vinatoa chuya, akazitupa pembeni.

"Mtu wa wapi?"

"Ufaransa, mama. Aliolewa Uingereza akiwa binti mdogo."

"Mgeni kwenye ukoo wa watu." Akatikisa kichwa. "Na ndugu wa mume hawakumkalisha huyo shemeji yao chini wakaongea naye?"

"Walikaa, mama. Walikubaliana mume abaki mfalme mpaka afe, kisha shemeji achukue. Mtoto akose."

Vidole vikasimama. "Yeye akasemaje?"

"Akakusanya watu."

"Vizuri," akasema Bi Rukia. "Kesho uje umalizie."

Basi ikawa hivyo. Karibu kila alasiri, duka likipoa kidogo, nilipanda na kumsimulia kile nilichokisoma jioni iliyotangulia. Wasimulizi wa redio wangeniogopa. Mvua ya Uingereza niliileta hapo sebuleni, farasi niliwapitisha kati ya makochi, na vita moja iliyopiganwa kwenye theluji niliichezea kwa mito yote ya kiti cha mzee, isipokuwa ule aliouegemea. Na Bi Rukia hakuwa msikilizaji wa kulala. Nilipomweleza kuhusu yule bwana mkubwa wa Warwick aliyeweka wafalme na kuwaondoa, akihama upande huu kwenda ule, aliniuliza nani kwetu ana funguo za stoo. Siku mbili baadaye msimamizi wa stoo, ambaye tangu mwanzo alikuwa wa Bwana Seif, alionekana amevaa fulana nyekundu na anakula kuku. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Mimi nilikuwa natoa hadithi. Yeye alikuwa anachukua mbinu.

Leo nikifikiri naona kwamba wote tulikuwa tumekosa raha mwaka ule, na kwamba haikuwa mbaya kwa kila mtu. Mwalimu Lyimo alitufundisha kwamba tauni ilipita kwanza ikapunguza watu, na mkulima aliyekuwa akiamrishwa kama punda akagundua kwamba mikono yake inatafutwa. Kisha makabaila wakamalizana wenyewe, na nyuma yao wakainuka wauza sufu na wafuma nguo, watu ambao hakuna aliyewahesabu. Mama lishe aliuliza, "Kwa hiyo sisi ndio hao?" na mwalimu akasema, "Mimi nafundisha Uingereza." Lakini tuliona. Mbeba mizigo ambaye jana alikuwa anaitwa wewe, leo mabosi wawili wanamwita kaka na kumuulizia mtoto wake. Upande wa pili wa mtaa, vijana wa kutoka mikoani waliopanga vifremu vya maduka vyembamba kama makabati walikuwa wanapokea wateja waliochoka kuzunguka kona yetu. Wakubwa wetu hawakuwaona. Walikuwa wanatazamana.

Fadhili alikuwa na miaka yangu, au pungufu kidogo. Alikuwa chuoni anasoma uhasibu. Mama yake akamtoa, akamvisha fulana nyekundu, akamweka mlangoni ili kila anayepita ajue duka lina mrithi. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na fulana ilimbadilisha. Alianza kutembea kifua mbele. Alianza kumwita Bwana Seif kwa jina, yeye aliyekuwa akimwita baba mdogo na kubusu mkono wake. Vijana wa upande wa pili wa ukuta walimpigia miluzi, naye akawajibu kwa kugonga marobota kwa ngumi. Jioni moja nilimsikia akimwambia mama yake ngazini, "Jumapili, mama. Mtaa ukiwa mtupu. Tunaangusha ukuta, tunawatoa wote." Mama yake akajibu, "Watu unao?" Akasema anao. Akaniangalia mimi. Nilikuwa mmoja wao, inaonekana.

Darasani jioni hiyo Semeni hakufungua kitabu. Alikaa amekunja mikono, fulana yake nyeupe imefunikwa na mtandio.

"Msomi, Jumapili usije kazini."

"Kwa nini?"

"Usije tu. Nyuma ya marobota kuna nondo za chuma. Vijana wameambiwa yule mwenye miwani ndiye wa kwanza, akianguka yeye wengine watakimbia."

"Bwana Seif amesema hivyo?"

"Bwana Seif amesema wajilinde. Yaliyobaki wamejaziliza wenyewe. Watu wakishavaa sare hawasubiri kuambiwa kila kitu."

Mbele yetu Mwalimu Lyimo alikuwa anafundisha mambo mengine kabisa, wafanyabiashara na meli zao. Vita alikuwa ameshaimaliza wiki iliyopita. Mimi nilikuwa najua mwisho wake. Bi Rukia hakuujua, maana kila nilipoukaribia nilikuwa naongeza vita moja ya katikati ambayo haikuwahi kupiganwa. Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa anapenda kusikia malkia akishinda, na mimi nilikuwa napenda sura yake akisikia.

Ijumaa alasiri nilipanda. Ungo ulikuwa mapajani mwake, lakini mchele ulikuwa umeshachambuliwa; alikuwa anaurusharusha tu.

"Leo nimalizie," akasema. "Nataka kwenda Jumapili nikijua. Yule mtoto wake, alikipata kiti?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nilikuwa nimeutengeneza usiku, njia nzima kutoka darasani: mwana wa mfalme anashinda, anatawala mpaka ndevu zinafika magotini, mama yake anazeeka katika ikulu yenye bustani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mimi natia chumvi hata kwenye chai, lakini nilimtazama Mzee Hamdani dirishani, mkono wake mzima umeshika ule usiofanya kazi, nikaona chini kidogo ya dirisha kichwa cha Fadhili mlangoni.

"Hapana, mama," nikasema. "Aliuawa. Vitani, siku ya mwisho. Alikuwa na umri kama wa Fadhili."

"Waliomuua walikuwa ndugu?"

"Ndugu, mama."

"Na yeye?"

"Walimkamata. Mume naye akafa baada ya siku chache. Mwishoni alirudishwa kwao, akafa hana mtu."

Hakulia, hakunifokea. Aliuweka ungo chini, akaufunika kwa kitambaa, nzi wasitue. Kisha nikamwambia kuhusu nondo, kwa maneno yaleyale ya Semeni, na sikuongeza hata moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akamfuta mumewe mdomo kwa pembe ya mtandio wake, akashuka ngazi.

Nilimfuata. Hakuishia kwenye mlango wetu. Alizunguka kona na kuingia mlango wa pili, ambao hakuwa ameukanyaga tangu ukuta ujengwe. Vijana wa fulana nyeupe wakasimama. Bwana Seif alikuwa anapima kitenge, rula mkononi.

"Seif," akasema, "duka chukua. Lote. Mimi nahamia nyumba ya Magomeni na mume wangu."

Bwana Seif alitazama nyuma yake, kisha akanitazama mimi, anatafuta mtego. "Shemeji, unataka nini?"

"Nataka vijana wenye nguvu wambebe kaka yako ngazini asubuhi. Taratibu. Na wavue kwanza hizo fulana, asije akadhani anabebwa na maadui."

Bwana Seif alikaa juu ya robota. Alikuwa mtu mkubwa, na ghafla alionekana hana pa kuweka mikono. Akasema, "Sikutaka iwe hivi," na Bi Rukia akamwambia, "Ndiyo, lakini imekuwa." Semeni, nyuma ya meza, aliinamisha kichwa na kuanza kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Kwa hiyo kazi yangu iliisha siku hiyo, pamoja na za wenzangu wote wenye fulana nyekundu. Wengine walivuka mtaa wakaajiriwa na wale vijana wa vifremu vyembamba, mimi mmojawapo, na leo hao ndio wenye maghorofa. Lakini Fadhili hakukubali. Alisema mama ametishwa, alisema ataangusha ukuta hata peke yake, alipiga simu kwa vijana wake mbele yetu. Ndiyo maana asubuhi ya Jumamosi, mzee alipokwisha kubebwa na kulazwa Magomeni, Bi Rukia alimfungia mwanawe begi, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda Magogoni kwenye kivuko. Dada yake Bi Rukia alikuwa anaishi Kigamboni, ng'ambo ya maji. Mimi nilibeba begi. Kwenye banda la kusubiria kivuko watu walikuwa wamesongamana na baiskeli zao, matenga ya nyanya, kuku waliofungwa miguu, na Fadhili alisimama katikati yao akiwa bado amevaa fulana nyekundu, miwani imepata ukungu.

"Huyu ndiye aliyekudanganya," akasema, ananionyesha kwa kidole. "Na hadithi zake za Wazungu. Umegawa duka la baba kwa hadithi."

"Hakunidanganya."

"Jumapili watu wataniulizia, mama. Watasema nimekimbia."

"Watasema."

"Watasema mwaka mzima. Watasema mpaka nizeeke."

"Na wewe utakuwepo kuwasikia," akasema Bi Rukia.

Geti likafunguliwa, umati ukasukumana. Fadhili alininyang'anya begi, akaingia na watu wengine, na hakugeuka. Mama yake alisimama hapo mpaka ile fulana ilipopotea kati ya matenga. Kisha akajifunga mtandio vizuri, akaniambia, "Twende, Msomi. Mzee hajanywa uji."